Wikiendi ya Mwanafunzi Venezia: Mwongozo Kamili wa Kuuona Mji Wengine Wakiwa Bado Wamelala

Wengi wanaorudi kutoka Venezia, mji wa mifereji wa Italia, wakinung'unika, mara joto, mara msongamano, mara kahawa moja imekula pesa ya chakula cha mchana, ukiwauliza waliingia mjini saa ngapi watakujibu saa nne asubuhi. Walitoka saa ngapi? Saa kumi na moja jioni. Basi mji hawakuuona, waliona watalii wenzao.

Mimi nilikuwa mwanafunzi Padova, mji wenye chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1222, kama nusu saa kwa treni kutoka Venezia. Safari yangu ya kwanza nilikwenda Jumamosi mchana kama wanavyokwenda wote, nikarudi na miguu iliyovimba na picha tele za visogo vya watu. Safari ya pili rafiki aliyekuwa akisoma kulekule alinikaribisha kwake, akaniamsha kabla jua halijachomoza, tukatoka. Vichochoro vilikuwa vitupu, boti za mizigo zikishusha maboksi ya mboga, na sauti pekee ilikuwa ya maji yakipiga kingo za mawe. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya asubuhi ile. Mwanafunzi hana pesa nyingi, lakini ana miguu na anaweza kuamka mapema, na kwa Venezia huo ni mtaji wa kutosha.

Jambo moja kabla hatujaanza: saa zote nimeziandika kwa hesabu yetu ya Kiswahili. Ratiba za Italia hutumia saa 24, kwa hiyo treni ya 18:40 ni ya saa 12:40 jioni. Zoea kubadilisha kichwani tangu siku unayonunua tiketi.

Hatua ya kwanza: chagua wikiendi, usijiendee tu

Novemba, Januari baada ya tarehe 6, na mwanzo wa Machi ndiyo miezi ninayompendekezea mwanafunzi. Kuna baridi na ukungu, lakini vitanda ni nafuu na mji unapumua. Siku za Carnevale, zile wiki za kabla ya Kwaresima, bei hupanda na madaraja hayapitiki. Julai na Agosti ni joto, mbu na foleni.

Kama unaweza, ilenge Jumapili ya kwanza ya mwezi. Siku hiyo makumbusho ya serikali ya Italia huwa bure, na Venezia hiyo maana yake hasa ni Gallerie dell'Accademia, makumbusho ya picha za kuchorwa. Kwetu sisi wenye pasipoti za nje ya Umoja wa Ulaya jambo hili lina uzito wake. Vijana wa Umoja wa Ulaya wenye miaka 18 hadi 25 hulipa euro 2 tu siku yoyote, na sisi kwa kawaida tunalipa bei kamili.

Angalia pia ada ya kuingia mjini. Ilianza 25 Aprili 2024, na hutozwa siku maalumu zilizopangwa, nyingi zikiwa kati ya Ijumaa na Jumapili toka Aprili hadi Julai, kwa mtu anayeingia kati ya saa 2:30 asubuhi na saa 10 jioni. Mwaka 2025 ilikuwa euro 5 kwa anayelipa mapema na euro 10 kwa anayechelewa. Anayelala ndani ya manispaa ya Venezia halipi, kwa sababu tayari analipa kodi ya malazi, ila lazima ajisajili kwenye tovuti ya jiji apate msimbo wa msamaha na kuutunza kwenye simu. Mestre, mtaa mkubwa wa upande wa bara, iko ndani ya manispaa hiyo, Padova haimo. Wakazi wa mkoa wa Veneto nao wamesamehewa, kwa hiyo kama ukazi wako umeandikishwa Padova, Verona au Treviso, tembea na karatasi inayothibitisha.

Halafu kuna maji. Kati ya Oktoba na Machi bahari huweza kupanda na kuingia mitaani, hali inayoitwa acqua alta. Tarehe 12 Novemba 2019 yalifika sentimita 187. Tangu Oktoba 2020 mji unalindwa na MOSE, mageti ya chuma yanayolala chini ya bahari kwenye milango ya wangwa unaouzunguka mji na kuinuliwa maji yanapotabiriwa kufika kama sentimita 110. Chini ya kiwango hicho mageti hubaki chini, na uwanja wa San Marco, ambao uko bondeni, huweza kupata maji ya vifundoni. Hilo lisikutishe. Hupangwa meza ndefu za mbao za kupita juu yake, na maji hushuka yenyewe baada ya saa chache. Soma utabiri wa jiji siku moja kabla na ubebe soksi za ziada.

Hatua ya pili: mahali pa kulala

Una njia mbili za kweli. Ya kwanza ni Mestre, upande wa bara, ambako kuna hosteli kubwa hatua chache kutoka stesheni na kitanda cha bweni hupatikana kwa bei ya mwanafunzi. Treni toka Venezia Mestre hadi Venezia Santa Lucia huchukua kama dakika 10, kwa nauli isiyofika euro 2. Ya pili ni kisiwa cha Giudecca au vyumba vya watawa ndani ya mji wenyewe. Ni ghali zaidi, lakini unaamka ukiwa tayari umefika.

Mimi humwambia mwanafunzi achague Mestre, mradi awe tayari kupanda treni ya alfajiri. Na Mestre ina faida ambayo vitabu vya watalii huisahau: jamii kubwa ya Wabangladeshi. Mitaa ya karibu na stesheni, hasa Via Piave na vichochoro vyake, ina maduka ya nyama halali, mchele, na migahawa midogo ya biriani na roti. Baada ya mwezi mzima wa pasta za kantini utanishukuru.

Mapokezi watataka pasipoti au kitambulisho halisi, maana kila nyumba ya wageni Italia inatakiwa kuripoti majina ya wageni wake polisi. Picha kwenye simu haitoshi. Kama kibali chako cha ukazi hakijatoka, beba pasipoti pamoja na risiti ya posta ya maombi. Weka pia sarafu za kodi ya malazi, ambayo hulipwa papo hapo kwa kila usiku.

Hatua ya tatu: treni

Kutoka Padova, Verona, Ferrara au Bologna panda treni za mkoa. Bei yake haibadiliki hata ukinunua dakika tano kabla ya kuondoka. Treni za kasi kutoka Firenze, Milano na Roma bei zake hupanda kadiri siku inavyokaribia, kwa hiyo hizo zinunue wiki tatu kabla. Anayekuja kwa ndege za bei nafuu huenda akashuka Treviso badala ya uwanja wa Marco Polo. Kote kuwili kuna mabasi ya kwenda Mestre na Piazzale Roma, kituo cha mabasi mlangoni mwa mji.

Makosa ya treni ya mkoa ni mawili na yote yana faini. Tiketi ya karatasi lazima igongwe muhuri kwenye kile kimashine kidogo kilichopo stesheni kabla hujapanda. Tiketi ya simu lazima uithibitishe kwa kubonyeza kwenye ujumbe uliotumiwa, pia kabla hujapanda. Nilishawahi kulipa faini nikiwa na tiketi halali mkononi, kwa sababu tu haikuwa na muhuri, na pesa ile ilitosha kunilaza usiku mmoja zaidi.

Hakikisha unashuka Santa Lucia, kituo cha mwisho. Mestre ni kabla ya bahari. Treni ikianza kukatiza maji juu ya daraja refu la karibu kilomita 4, ujue uko njiani. Ukitoka nje ya stesheni hakuna barabara wala gari: mbele yako kuna ngazi, na chini ya ngazi kuna Canal Grande, mfereji mkuu wa mji.

Hatua ya nne: piga hesabu ya boti

Boti za abiria huitwa vaporetto, nazo ndizo daladala za mji huu. Safari moja, tiketi ya dakika 75, ni euro 9.50. Soma tena namba hiyo kabla hujarukia boti ya kwanza unayoiona. Ukipanda mara nne umemaliza bajeti.

Jibu la mwanafunzi ni kadi ya Rolling Venice, ya vijana hadi miaka 29 bila kujali uraia. Kwa bei za 2024 kadi ilikuwa euro 6 na tiketi yake ya saa 72 euro 27, jumla 33, wakati mtu wa kawaida hulipa 45 kwa saa hizohizo. Hununuliwa kwenye ofisi za tiketi Piazzale Roma na mbele ya stesheni, kwa kuonyesha kitambulisho chenye tarehe ya kuzaliwa. Saa zinaanza kuhesabiwa unapoigusisha kwenye mashine ya gati kwa mara ya kwanza, kwa hiyo ukianza Ijumaa jioni inakubeba mpaka Jumatatu jioni. Igusishe kila unapopanda, hata kama imelipiwa.

Kama huendi visiwani, usinunue chochote. Mji wenyewe unavukwa kwa miguu, kutoka stesheni hadi San Marco kwa kama dakika 40 bila haraka.

Gondola ya watalii ni euro 90 kwa nusu saa mchana, na 110 kuanzia jioni. Usihuzunike. Kuna traghetto, gondola kubwa ya wenyeji inayovusha watu Canal Grande pale pasipo na daraja karibu, kwa euro 2. Nitakuonyesha pa kuipandia.

Hatua ya tano: jifunze kuusoma mji kabla hujaingia

Aliyekulia kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe Unguja au Lamu atajisikia nyumbani haraka. Wengine wachukue dakika kumi hapa.

Mji umegawanyika katika kata sita ziitwazo sestieri: San Marco, Castello, Cannaregio, Dorsoduro, San Polo na Santa Croce. Namba za nyumba hazifuati mtaa, zinazunguka kata nzima, na Castello zinavuka 6,000. Ukiandikiwa "Castello 4500" huwezi kukisia ni wapi. Mwombe mwenyeji wako jina la kichochoro na la kanisa la karibu.

Calle ni kichochoro. Rio ni mfereji mdogo. Fondamenta ni njia kando ya mfereji. Campo ni uwanja. Sotoportego ni njia inayopita chini ya nyumba, na mara nyingi ndiyo njia ya mkato. Piazza ni moja tu, San Marco. Kuta za mji zina vibao vya manjano vinavyoandika Per Rialto, Per San Marco, Alla Ferrovia (kwenye treni), vyenye mshale. Vifuate hivyo unapochoka na ramani, kwa sababu kati ya kuta ndefu simu hupotea na kukutumbukiza majini. Canal Grande ina madaraja manne tu, hivyo ukikosea upande utarudi mbali.

Beba begi la mgongoni. Madaraja ni zaidi ya 400 na karibu yote yana ngazi. Sanduku la magurudumu ni adhabu. Vaa raba zilizokwisha kukuzoea.

Ijumaa jioni: usiku wa kwanza

Fika Mestre, acha begi, kula biriani yako, kisha panda treni ya kuingia mjini mnamo saa mbili usiku. Mbele ya stesheni panda boti namba 1, ile ya polepole inayosimama kila gati, elekea San Marco. Tafuta nafasi ya nje, mbele au nyuma. Kwa muda wa kama dakika 40 majumba ya wafanyabiashara wa zamani yatapita pande zote mbili, mengine taa zimewashwa ndani ukaona dari zilizochorwa. Daraja la Rialto, la jiwe, lilikamilika mwaka 1591, na boti hupita chini yake.

Shuka San Marco. Usiku uwanja huwa karibu mtupu. Simama katikati, usifanye chochote kwa dakika kumi. Kisha rudi stesheni kwa miguu ukifuata vibao. Utapotea kidogo, na usiku huo kupotea ni sehemu ya ratiba. Angalia tu treni ya mwisho kabla hujaondoka. Ikikupita, kuna mabasi ya usiku kutoka Piazzale Roma.

Jumamosi: amka

Lengo ni kuwa San Marco jua linapochomoza. Wakati wa baridi hiyo ni kama saa moja na nusu asubuhi, hata si mapema sana. Simama ukingoni mwa maji, kwenye nguzo mbili kubwa, moja ya simba mwenye mabawa na nyingine ya Mtakatifu Theodoro. Kati ya nguzo hizo ndipo wahalifu walipokuwa wakinyongwa, na mpaka leo Wavenezia wengi hawapiti katikati. Ng'ambo ya maji kuna kanisa jeupe la San Giorgio Maggiore, kazi ya msanifu majengo Palladio. Mnara mrefu nyuma yako ulianguka wote tarehe 14 Julai 1902 bila kuua mtu, ukajengwa upya ulivyokuwa na kufunguliwa 1912.

Kutoka hapo tembea dakika kama kumi hadi soko la Rialto. Soko la samaki hufunguliwa Jumanne hadi Jumamosi asubuhi, na Jumapili limefungwa, ndiyo maana limewekwa leo. Mtu wa pwani asilikose. Utaona ngisi waliolala kwenye wino wao, kaa, dagaa wabichi, pweza. Tafuta bamba la marumaru ukutani lililochongwa urefu wa chini wa kila samaki anayeruhusiwa kuuzwa. Dagaa wa aina ya sardini ni sentimita 7. Mvuvi aliyekuja na samaki wachanga hakuwa na la kujitetea, sheria ilikuwa imesimama mbele ya macho ya kila mnunuzi.

Kando ya soko kuna gati la traghetto la kwenda Santa Sofia. Panda, simama kama wenyeji wanavyosimama, vuka, vuka tena urudi. Euro 4, umepanda gondola.

Saa 3:30 asubuhi uwe mlangoni mwa Scuola Grande di San Rocco. Kama utalipia kiingilio kimoja tu wikiendi nzima, lipia hiki. Hii ilikuwa nyumba ya chama cha kidini cha kusaidiana, na mwaka 1564 chama kiliitisha shindano la kuchora dari la chumba kimoja. Wachoraji wengine walitayarisha michoro ya majaribio. Jacopo Tintoretto alikwenda na picha iliyokamilika, akaipachika darini kabla ya siku ya maamuzi, na walipokasirika akawaambia basi ni zawadi. Kanuni za chama hazikuruhusu kukataa zawadi. Alifanya kazi humo hadi 1588, na leo kuna picha zaidi ya 60 za mkono wake. Ukumbi wa juu una vioo vya kushika mkononi ili uangalie dari bila kuvunja shingo. Uliza bei ya vijana chini ya miaka 26, na keti. Nimeingia humo mara tatu na kila mara nilitoka nikiwa kimya.

Hatua chache kutoka hapo kuna kanisa la Frari lenye picha ya Tiziano ya Bikira Maria akipalizwa mbinguni, iliyokamilika mwaka 1518, karibu mita 7 kwenda juu. Nusu saa inatosha.

Mchana, saa watalii wa siku moja wanapojaa, wewe kimbia katikati. Nenda Campo Santa Margherita, uwanja wa wanafunzi, ule. Kisha elekea mwisho wa Castello, Via Garibaldi na malango ya Arsenale, kiwanda cha meli kilichoijenga nguvu ya Venezia baharini. Langoni kuna simba wa marumaru waliotekwa Ugiriki, mmoja akiwa amechongwa maandishi ya watu wa Skandinavia mabegani. Huko nguo zimeanikwa kutoka dirisha hadi dirisha na wazee wanacheza karata.

Rudi San Marco saa kumi jioni, makundi yakianza kuondoka, na tiketi ya Basilika, kanisa kuu la San Marco, uliyoinunua mtandaoni. Mabega na magoti yafunikwe, begi kubwa haliruhusiwi. Ndani kuna zaidi ya mita 8,000 za mraba za mozaiki zilizotandazwa juu ya dhahabu. Mwili wa Mtakatifu Marko wenyewe uliibwa Alexandria, Misri, mwaka 828 na wafanyabiashara wa Venezia, na hadithi ya wizi huo imechorwa kanisani bila kuficha. Mkristo anayetaka kusali aje Jumapili asubuhi kwenye misa, apitie mlango wa upande wa kushoto. Hakuna kiingilio, wala kupiga picha.

Jumba la Doge, yule mtawala mkuu aliyechaguliwa, ni ghali, ingawa mwanafunzi hadi miaka 25 hulipa karibu nusu. Sikulazimishi. Ukilipa, tiketi hiyohiyo inakuingiza Museo Correr upande wa pili wa uwanja na kumbi za maktaba ya Marciana. Maktaba hiyo inamiliki ramani ya dunia ya Fra Mauro, mtawa wa visiwa hivi, ya mnamo 1450. Ina upana wa karibu mita 2 na kusini iko juu. Afrika imekaa kichwani mwa dunia, imezungukwa na bahari, na Bahari ya Hindi iko wazi, miaka karibu 50 kabla ya Vasco da Gama kupita kwetu.

Kula bila kulia

Kanuni ya kwanza: kahawa hunywewa ukiwa umesimama kaunta. Ukikaa mezani bei hupanda, na San Marco hupanda zaidi ya unavyodhani. Mgahawa huongeza coperto, malipo ya kukalia kiti, nayo huandikwa kwenye menyu, isome.

Chakula cha mwanafunzi ni cicchetti, vitafunwa vinavyouzwa kimoja kimoja katika vilabu vidogo viitwavyo bacari, vingi karibu na Rialto na kando ya mifereji ya Cannaregio. Vitano au sita ni mlo. Anza na sarde in saor: sardini wa kukaanga waliolazwa kwenye vitunguu, siki na zabibu kavu, njia ya mabaharia ya kuhifadhi samaki. Fuatisha baccalà mantecato, samaki mkavu aliyepondwa na mafuta ya zeituni mpaka akawa laini kama siagi. Kwa Muislamu, samaki ndiyo njia salama. Vile viduara vya nyama mara nyingi vina nguruwe, na kwa kila mkate wenye nyama uliza "c'è maiale?" bila haya.

Maji usinunue. Viwanja vingi vina mabomba ya chuma yanayotiririka, ni safi, jaza chupa. Choo cha umma hulipiwa, kwa hiyo tumia cha mahali uliponywea kahawa. Na usiketi kwenye ngazi za San Marco kula mkate wako, wala usilishe njiwa, wala usiingize miguu mferejini. Yote yana faini, na mji unaokanyagwa na mamilioni una haki ya kujilinda.

Jumapili: visiwani

Fondamente Nove, gati za upande wa kaskazini wa mji, kabla ya saa mbili asubuhi, boti namba 12. Watu wengi huanzia Murano kwa sababu iko karibu. Wewe nenda mbali kwanza, halafu urudi nyuma.

Burano ni kama dakika 45. Ni kijiji cha wavuvi chenye nyumba za rangi kali, na mafundi wa lesi ya sindano wamebaki wachache. Ukifika kabla ya saa nne utawakuta wenyeji wakifagia vizingiti vyao. Piga picha nyumba, kwa watu omba ruhusa.

Kutoka Burano, dakika 5 kwa boti, kuna Torcello. Hapa palikuwa na mji mkubwa kabla Venezia haijawa Venezia. Leo wakazi ni wachache mno. Kanisa lake, Santa Maria Assunta, lilianzishwa mwaka 639, na ukuta wa nyuma una mozaiki ya Siku ya Hukumu, malaika wakipuliza tarumbeta na bahari ikiwatema wafu wake. Jipe saa moja.

Murano iwe ya mwisho. Mwaka 1291 serikali iliamuru tanuri za kioo zihamishiwe huku kwa kuogopa moto mjini. Wapiga debe watakuita uone fundi bure; nenda, ila jua mlango wa kutokea unapitia dukani. Mimi naona Makumbusho ya Kioo yanastahili zaidi, na kwa sababu moja: shanga. Venezia ilitengeneza shanga ndogo za kioo kwa mapipa, wanawake maskini wa mitaa ileile ya Castello uliyopita jana wakizitunga kwenye nyuzi majumbani mwao kwa ujira mdogo. Katika karne ya 19 ziliteremshwa Zanzibar, zikabebwa vichwani na wapagazi hadi Tabora na Ujiji, zikanunua chakula na pembe. Kila nchi ilikuwa na rangi yake, na msafara uliobeba rangi isiyotakiwa ulilala njaa. Zile nyekundu ziliitwa sami-sami. Nilisimama mbele ya kabati lile nikiwafikiria watu wa pande zote mbili, mtungaji na mpagazi, ambao hawakuwahi kujuana.

Ukinunua kitu, tafuta nembo ya Vetro Artistico Murano. Vitu vya euro 2 vibandani vimetoka kwingine.

Mchana kama ni Jumapili ya kwanza, nenda Accademia. Tafuta picha ya Vittore Carpaccio ya muujiza wa msalaba kwenye daraja la Rialto, ya mnamo 1494. Daraja bado ni la mbao. Mbele majini kuna mpiga kasia Mwafrika, kijana, amevaa nadhifu, na kofia yake ina nyoya. Waafrika wengi waliletwa Venezia utumwani, na baadhi yao, wakiwa watumwa au walioachwa huru, walipiga makasia katika mifereji hii. Kaa naye kidogo. Kama si Jumapili ya kwanza, panda boti namba 2 hadi San Giorgio Maggiore. Kanisa ni bure, na lifti ya mnara wake ina foleni fupi kuliko ya San Marco, tena kutoka hapo unaiona San Marco yenyewe.

Hesabu ya mfuko

Kwa usiku mbili Mestre, nje ya msimu, mimi hutenga hivi: vitanda euro 60 hadi 80, treni kutoka Padova kwenda na kurudi 10 pamoja na zile za Mestre 6, Rolling Venice 33, viingilio 30, chakula 45. Inakaribia euro 200. Ukiacha visiwa na boti, na kupika hosteli usiku mmoja, unashuka hadi 140. Anayelala kwa rafiki hushuka zaidi. Pa kutopunguza ni San Rocco.

Kuondoka

Rudi kuelekea stesheni kupitia Cannaregio na uingie Ghetto, dakika kumi kutoka kwenye treni. Mwaka 1516 serikali iliwaamuru Wayahudi wa Venezia wakae kwenye kisiwa hiki tu, malango yakifungwa usiku, na jina la mahali hapa ndilo dunia nzima ililichukua kuita mitaa ya namna hiyo. Tazama juu: ghorofa ni nyingi kuliko kwingine mjini na madirisha yamekaribiana, kwa sababu watu waliongezeka na ardhi haikuongezeka. Malango yalivunjwa 1797.

Treni za Jumapili jioni hujaa, lakini zinaanzia hapahapa Santa Lucia, hivyo ukiwahi dakika 20 unapata kiti. Pita kwanza kwenye kile kimashine, gonga muhuri tiketi yako, kisha panda.